Mzizi Upi, Upande Gani? Kuandika na Kuainisha Maumivu ya Mizizi ya Neva

Asante, mwenyekiti. Naona tumejipanga kama tulivyozoea kazini: madaktari na matabibu huku mbele, watunza kumbukumbu na watu wa madai ya bima kule nyuma. Leo nazungumza na wote kwa pamoja, kwa sababu tatizo lenyewe liko katikati yenu.

Kuna sentensi naikuta kwenye mafaili kila wiki: "Maumivu ya mgongo, apewe diklofenaki." Mtunza kumbukumbu afanye nini na hiyo? Atafungua ICD-10, kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha misimbo ya magonjwa, ataandika M54.5, maumivu ya kiuno, na hakuna wa kumlaumu. Lakini mgonjwa yule alipokaa mbele ya daktari alisema maumivu yanaanzia kiunoni, yanateremka nyuma ya paja, yanavuka goti mpaka pembeni mwa unyayo, na akikohoa yanampiga kama shoti ya umeme. Huo ni mzizi wa neva uliobanwa au uliovimba. Alichokisema kimeishia chumba cha daktari, hakikuingia kwenye faili.

Tuna jozi 31 za neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo, na kila mzizi una eneo lake na jina lake: C ni shingo, L ni kiuno, S ni chini ya kiuno, na namba ni wa ngapi. L5 ikibanwa, ganzi inashuka ubavuni mwa mguu hadi juu ya mgongo wa unyayo, na mgonjwa anashindwa kuinua kidole gumba cha mguu. S1 ikibanwa, ganzi iko ukingo wa nje wa unyayo, ukigonga nyundo nyuma ya kisigino mguu haushtuki, na ukimwambia asimame kwa ncha za vidole upande ule unalegea. Shingoni, C6 inakwenda kwenye dole gumba, C7 kidole cha kati. Kupima haya ni dakika chache. Ukimlaza chali ukainua mguu ulionyooka, andika maumivu yameanza nyuzi ngapi na yamefika wapi. Kuandika "chanya" tu hakutoshi. Msuli wa nyuma ya paja uliokaza nao unavuta.

Daktari akiandika hivi, kazi ya mwenzake imekwisha: "Maumivu ya mzizi wa S1 kulia, wiki sita. Rifleksi ya kisigino kulia haipo. Haja ndogo na kubwa kawaida, hakuna ganzi sehemu za siri. MRI: diski ya L5-S1 imetokeza kulia." MRI ni kipimo cha picha, na diski ni kile kipande laini kati ya pingili. Msimbo ni M51.1 yenye alama ya msalaba, yaani ugonjwa wenyewe, pamoja na G55.1 yenye nyota, yaani pale unapojitokeza. Na ile sentensi ya haja ndogo si pambo. Kama ingesomeka kinyume chake, tungekuwa tunazungumzia G83.4, fungu la neva la mwisho wa uti wa mgongo lililobanwa, na mgonjwa angetakiwa upasuaji wa dharura.

Sasa watunza kumbukumbu. M54.1 ni ya radikulopathi, yaani ugonjwa wa mzizi wa neva, ambayo sababu yake haijatajwa. Diski ya kiuno ikitajwa, unahamia M51.1, ya shingo, M50.1, pingili zilizochakaa, M47.2. Usiziweke M54.1 na M51.1 pamoja kwa tatizo hilohilo, kitabu chenyewe kinakataza. Mkanda wa jeshi ulioshika mzizi uko B02.2. Na kwetu huku msisahau kifua kikuu cha uti wa mgongo, A18.0: huyo hata mguu ukimuuma namna gani, hahesabiwi kwenye migongo ya kawaida.

Mtego mkubwa ni simu. Mtu anatafuta msimbo kwenye intaneti, analetewa orodha ya Marekani, ambayo ni toleo lao wenyewe lililoanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015. M54.10 kwao ni radikulopathi isiyotajwa sehemu. Katika toleo la Shirika la Afya Duniani, tarakimu hiyo ya mwisho, 0, ni sehemu nyingi za mgongo. Isiyotajwa ni 9. Kwa hiyo umeandika jambo ambalo daktari hakulisema. Tena M54.5 kwao imegawanywa tangu Oktoba 2021, peke yake haikubaliki; msije mkaifuta kwenu kwa sababu hiyo.

Halafu alama ya kuuliza. Madaktari, mnapenda sana kuandika "? diski". Kanuni ya Shirika la Afya inasema utambuzi wa kushuku, kama hakuna maelezo zaidi, uainishwe kana kwamba umethibitishwa. Alama yako ya kuuliza inafutika njiani, na takwimu zinapata mgonjwa wa diski ambaye hakuna aliyemwona. Andika unachokijua.

Tabibu pale ameuliza: MRI hakuna, na mgonjwa hamudu kwenda mjini, aandike nini? Andika mzizi na upande, maana hivyo umevipima kwa mikono yako. Sababu iache. Ni M54.1, na tarakimu ya eneo. Wala eksirei isikushawishi: diski haionyeshi, na vimiba vya mifupa utavikuta kwa watu wazima wengi ambao hawaumwi kabisa. Hiyo pekee haikupi M47.2.

Na swali la dada wa madai, kama daktari ameshaondoka na faili halieleweki. Usibahatishe, wala usichague msimbo kwa kuwa bima inaulipa. Bandika karatasi juu ya faili: mzizi upi, upande gani, sababu imethibitishwa au la? Akirudi zamu ajibu kwa maandishi, atie saini na tarehe ya siku hiyo aliyojibu, siyo ya siku aliyomwona mgonjwa.