Mpangaji wa Mstari wa 25

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo tulipanga mambo manne ya kurekebisha ukishaingia kwenye BBS, yaani bodi ya ujumbe na faili inayopigiwa simu kwa kompyuta na modemu: urefu wa ukurasa (mistari mingapi bodi itume kabla ya kusimama na kuuliza kama uendelee), rangi, protokali ya faili (njia ya kuhamisha faili), nenosiri. Lakini kaka Kazungu kaja na lake.

KAZUNGU: La Jumanne hilo, dada. Nimeingia BBS moja inayotumia programu ya PCBoard, na kila ujumbe mrefu ninaofungua umekatwa kichwa. Aliyeandika namwona, anayeandikiwa namwona, ila mstari wa juu wenye tarehe na namba ya ujumbe haupo.

MWANAIDI: Urefu wa ukurasa uliweka ngapi?

KAZUNGU: 25. Skrini ya DOS, ule mfumo wa zamani wa PC, si ina mistari 25?

MWANAIDI: Inayo, lakini wa 25 una mpangaji. Programu ya modemu inaweka pale mstari wake wa hali: kasi, saa, jina la bodi. Zako ni 24. Bodi inadhani una 25, inamwaga mistari 24, kisha inaweka swali la kuendelea kwenye wa 25. Huo haupo, basi skrini inasogea juu na mstari wa kwanza unapotea kabla hujausoma.

KAZUNGU: Nikabonyeza P, ya urefu wa ukurasa, kwenye menyu kuu, nikaandika 24. Ujumbe mwingi ukakaa sawa. Lakini mmoja ukaendelea kukatwa!

MWANAIDI: Ulikuwa na mstari uliojaa herufi 80?

KAZUNGU: Ulikuwa nao. Mstari wa nyota tupu, toka ukingo hadi ukingo.

MWANAIDI: Ndiyo huo. Ikifika herufi ya 80, programu nyingi za DOS zinashusha kishale zenyewe. Halafu bodi inatuma alama zake za kushuka mstari, kishale kinashuka tena. Bodi imehesabu mmoja, skrini imetumia miwili.

KAZUNGU: Kwa hiyo mpangaji wa pili.

MWANAIDI: Na huyu hatabiriki, anakuja na ujumbe. Ndiyo maana wengine wanaweka 23, wabaki na mmoja wa akiba.

KAZUNGU: Mstari wa nyota ukitokea mara mbili kwenye ukurasa mmoja, 23 nayo haitoshi. Njia yangu ya kupima ni hii: omba bodi orodha ndefu yenye namba, mfano orodha ya maeneo ya faili, inayoanza na skrini tupu. Ikisimama, tazama juu. Namba 1 ipo? Umepatia. Haipo? Punguza mmoja, rudia.

MWANAIDI: Au ficha mstari wa hali, programu nyingi zinaruhusu, umtoe mpangaji nyumbani.

KAZUNGU: Nisijue niko kwenye simu kwa dakika ngapi? Abaki!

MWANAIDI: Basi mimi naweka 0.

KAZUNGU: Dada, tumelizungumza hili.

MWANAIDI: Tulizungumze tena. P, halafu 0, bodi haisimami kabisa. Washa kunasa maandishi kwenye faili, acha yatiririke, kata simu, soma kwa raha. Kwa kasi ya biti 2400 kwa sekunde, mpangilio wa 8N1, kila herufi inakula biti 10: 8 zake, moja ya kuanza, moja ya kumaliza. Ni herufi 240 kwa sekunde. Skrini iliyojaa, 80 mara 24, ni herufi 1,920: sekunde 8. Mtu anasoma ukurasa huo kwa dakika nzima, na dakika ya simu ni pesa.

KAZUNGU: Ukiweka 0 unapokea usichokitaka. Kwenye 24, ukiona ujumbe haukuhusu, unajibu N na umeokoka. Ukitaka mtiririko, andika NS palepale penye swali. Una yote mawili.

MWANAIDI: Hata kwenye 0 unakatisha kwa Ctrl-K.

KAZUNGU: Ukiwa na modemu ya V.42, inayorekebisha makosa yenyewe, Ctrl-S ya kusimamisha na Ctrl-K zinachelewa. Bodi imeshanyamaza, lakini maandishi yaliyokwisha kuingia kwenye modemu yanaendelea kushuka. Na faili lako la kunasa limejaa alama za rangi. Njano peke yake ni herufi 7: Escape, mabano ya mraba, 1, nukta-mkato, 33, m. Utasoma nini humo?

MWANAIDI: Nazima rangi kwanza kwa M. Hilo lilikuwa somo letu la pili.

KAZUNGU: Anayetaka kusoma nje ya simu achukue pakiti ya QWK. Ujumbe wote unabanwa kwenye faili moja, unashushwa mara moja.

MWANAIDI: Si kila bodi inatoa QWK. Mtandao wa FidoNet ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984 ulifanya kazi Nairobi na Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu hiyohiyo: mashine zinapigiana simu, zinabadilishana pakiti, zinakata. London kulikuwa na mtandao wa GreenNet ukipokea. Usomaji ulifanyika simu ikiwa chini.

KAZUNGU: Hizo ni mashine kwa mashine. Mtu aliyeketi mbele ya bodi anachagua huku anasoma. Mimi 24.

MWANAIDI: Mimi 0. Na saa inasemaje? Eh, dakika moja.

KAZUNGU: Rangi tumeigusa. Protokali na nenosiri bado.

MWANAIDI: Protokali: bonyeza T, chagua Zmodem. Simu ikikatika katikati ya faili, inaweza kuendelea pale ilipoishia. Xmodem inaanza upya, na faili linaongezewa takataka mwishoni hadi kipande cha baiti 128 kijae...

KAZUNGU: Mpangaji mwingine huyo!

MWANAIDI: ...huyo anakaa ndani ya faili lenyewe. Nenosiri wiki ijayo.