Mtoto Aliyesahau Alif

Assalaam alaykum. Maustadhi, walimu wa maandalizi, na nyinyi mama zangu mlioacha karafuu juani mkaja hapa Wete kunisikiliza, ahsanteni.

Nianze na mtoto ambaye takriban kila chuo cha Kurani kinaye. Jana kasoma alif mpaka jim bila ya kukwama. Leo anaitazama alif kana kwamba hajapata kuiona. Unamwambia, "Vua viatu, chukua juzuu, kakae pale." Anavua viatu, halafu anabaki kasimama. Tunamwita mkorofi, bakora inamshukia. Kesho kosa ni lile lile.

Huenda si ukorofi. Huenda ubongo wake uliumia kabla hajazaliwa.

Najua habari za pombe hapa kwetu huzungumzwa kwa kunong'ona. Lakini tembo linagemwa, na minazi yenyewe tunaijua. Anachokunywa mjamzito, kiwe tembo, gongo au bia, hupita kwenye kondo kikamfikia mtoto, naye ini lake bado changa. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, wala mwezi ulio salama. Na wapo wanaokunywa kabla hawajajua kuwa wana mimba.

Elimu hii si kongwe. Daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliieleza hali ya watoto hawa mwaka 1968, wachache wakamsikiliza. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, ndio walioyapa madhara haya jina. Walitaja alama za uso: macho yenye mpasuo mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji chini ya pua kimesawazika. Tafadhali msiende kuwachunguza watoto nyuso! Wengi wenye madhara haya hawana alama hizo kabisa, na hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha.

Tena mtoto anaweza kuwa hivi kwa sababu nyingine: uzazi uliokwama, malaria iliyopanda kichwani, au hasikii vizuri tu. Anzeni na masikio, mpelekeni akapimwe. Suala la pombe mwachieni mhudumu wa afya amuulize mama faraghani, kwa upole. Mama akiaibishwa ataficha, na atakayekosa msaada ni mtoto. Mwalimu hahitaji kuijua siri ya nyumba ya mtu ndipo amsaidie mwanafunzi.

Chuoni kwetu watoto arubaini husoma kwa sauti, kila mmoja na aya yake. Mimi huyapenda makelele yale. Mtoto huyu yanamvuruga. Mkalishe karibu nawe, ubavuni mwa ukuta. Mpe agizo moja, asubiriwe, ndipo lije la pili, na maneno yawe yale yale kila siku. Kabla ya kubadilisha kazi, mtahadharishe. Alif akiisahau, mfundishe upya kama siku ya kwanza. Ana miaka sita, lakini kwa hasira na subira anaweza kuwa kama wa mitatu.

Ustadh pale nyuma anauliza, na bakora? Bakora kwa watoto wote ina mhadhara wake, inshallah nitarudi. Kwa huyu, maumivu ya leo hayaungani kichwani mwake na kosa la jana. Anachojifunza ni kukuogopa wewe.

Kadi hizi nimezichora mwenyewe: kiatu, juzuu, mkeka. Kila chuo kichukue seti mbili. Moja ibaki ukutani, ya pili apelekewe bibi yake nyumbani.