Kirumbizi Mbele ya Ukuta

Asalaam aleikum. Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye ngazi kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya roki ya progresivu, jina ambalo wengi wenu hamjapata kulisikia hapa Amu. Ni roki isiyo na haraka. Wimbo mmoja waweza kufika dakika 20, ukabadili mapigo njiani, ukanyamaza, kisha ukarudi na sura nyingine. Aliyezoea kukesha na taarabu hatatishika na urefu huo.

Nianzie Uingereza. Mwaka 1987, katika mji wa Hemel Hempstead, kijana aitwaye Steven Wilson alianza kurekodi nyumbani peke yake. Gita yeye, kinanda yeye, sauti yeye, ngoma akaiachia mashine. Muziki huo akautoa kwa jina la bendi, Porcupine Tree, na bendi haipo. Yeye na rafiki yake wakaitungia historia nzima, na wanamuziki wenye majina kamili ambao hawakupata kuzaliwa. Kaseti zikapita mikononi mwa watu kwa jina la kundi, na kundi lenyewe ni mtu mmoja chumbani.

Wapo wanaosema ule ulikuwa utani wa vijana, na utani ulikuwamo kweli. Lakini mimi nikiitazama habari ile naona kiu. Mtu aliyetosheka na nafsi yake hawezi kukaa usiku kuwabunia wenzake majina.

Mwaka 1993 ikatoka albamu ya Up the Downstair. Bado ilikuwa kazi ya Wilson na ngoma za mashine, ila wageni wawili walishapita mlangoni: Colin Edwin kwa gita la besi, na Richard Barbieri kwa kinanda, yule aliyekuwa katika bendi ya Kiingereza iitwayo Japan. Muziki ukaanza kutakiwa jukwaani, na jukwaani mikono ni miwili tu. Desemba mwaka huohuo wakapanda wanne, pamoja na Chris Maitland kwenye dramu. Msidhani bendi ilizaliwa usiku ule. Albamu iliyofuata, ya 1995, bado ni nusu kwa nusu, sehemu za mtu mmoja zimeshonwa na sehemu za kundi. Ni mpaka Signify, 1996, ndipo walipofanya albamu kama bendi tangu mwanzo. Hesabuni wenyewe, kutoka 1987 hadi 1996.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 2005 Up the Downstair ilitolewa upya. Ngoma za mashine ziliondolewa, na mahali pake akapiga Gavin Harrison, ambaye alikuwa amemrithi Maitland mwaka 2002. Nyimbo ni zilezile, gita ni lilelile la kijana wa miaka ile, lakini chini yake sasa pana mtu. Nimezisikiliza zote mbili mara nyingi, usiku, taa imezimwa. Mashine haikukosea hata pigo moja. Ila mashine haikusikii. Ukipiga gita kwa hasira au kwa huzuni, yenyewe ni ileile. Mpiga ngoma aliye hai hujibu hata gita lililorekodiwa miaka mingi kabla yake.

Nyinyi mnaijua kirumbizi, ngoma yetu ya kuchezea bakora wawili wawili. Mtu aweza kufanya mazoezi ya bakora mbele ya ukuta mwaka mzima, mkono ukawa mwepesi, miguu ikakaa sawa. Lakini ukuta haurudishi. Siku atakapoingia uwanjani, zumari inalia na mwenziwe amemkabili, ndipo atakapojua kama alikuwa akicheza au akijipepea.

Nami nilikuwa mtu wa ukuta. Nilirekodi peke yangu katika chumba cha juu huko mtaa wa Langoni, madirisha nimeyaziba kwa magodoro ili sauti za punda zisiingie. Kila sehemu niliijua kabla haijapigwa. Kisha nikamwita kijana apigaye chapuo, ile ngoma ndogo, harusini, nikamwekea wimbo wa mapigo saba. Hakuuliza ni saba wala ni nane. Alisikiliza mara mbili, akaanza kupiga, na pigo la sita akawa analichelewesha kidogo kila likija, kama mtu anayevuta mlango polepole. Nikamsimamisha. Nikamwambia umechelewa. Akanijibu, "Sikuchelewa kaka, nilikuwa nakungoja wewe." Nilikaa na neno lile siku tatu. Wimbo niliuandika upya kufuata kuchelewa kwake, na tangu hapo siuiti wangu.

Kuongeza watu ni jambo jingine. Mwaka 1973 Mwingereza Mike Oldfield alitoa albamu ya Tubular Bells, naye alipiga karibu kila ala mwenyewe, akiwa kijana mdogo wa miaka 19 alipoirekodi. Kuipeleka jukwaani London, mwezi Juni, kulihitaji umati wa wanamuziki. Walipiga vizuri, lakini walikuja kupiga kilichokwisha kuandikwa. Ile ni heshima kubwa kwa mtunzi, na kazi yenyewe naipenda mno. Bendi si hiyo.

Na tusiende mbali. Zein l'Abdin, mwana wa Amu, udi wake ulijaza nyumba hata akipiga peke yake. Bado kundi lake likaitwa Zein Musical Party. Neno la kwanza ni mtu, yaliyobaki ni watu.

Sitawaficha kwamba kuna kinachopotea. Zile kaseti za Wilson zina ukichaa mtamu ambao baadaye sikuusikia tena, kwa sababu chumbani hakuna wa kukutazama kwa mshangao. Ninauonea hamu. Chumba changu bado ninacho, na magodoro bado yapo dirishani.

Wenzangu wako uani wanaipasha chapuo moto ngozi ikaze. Tutaanza na ule wa mapigo saba. Mpiga chapuo ataingia kabla ya gita. Hatukupanga hivyo, alianza jana kwenye mazoezi, nami nikamwacha.