Kupima Uzito wa Shimo Jeusi Nyuma ya Vumbi

Ndugu zangu, nimekuja na rimoti ya televisheni. Naibonyeza, kwa macho hamwoni kitu. Sasa washeni kamera za simu, mtazame ncha yake. Mmeona kitaa kinavyometameta? Hiyo ndiyo infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni.

Bila infraredi, uzito wa GRS 1915+105 tungekuwa tunaubahatisha. Ni shimo jeusi lililoko upande wa kundinyota la Ukabu, nalo lilijulikana mwaka 1992 pale chombo cha angani cha Granat kiliponasa eksirei zake. Eksirei zinakwambia kuna mlaji, kitu kinachomeza gesi. Uzito wake hazikwambii. Uzito unautafuta kwa mwenziwe, ile nyota wanayozungukana nayo. Shida ni vumbi la Njia Nyeupe, galaksi yetu. Katika kila chembe bilioni kumi za mwanga wa kawaida zinazotoka kule kuja kwetu, labda inafika moja. Infraredi ya urefu wa wimbi wa mikroni 2 na ushei (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hupungua pia, lakini inapenya.

Mwanaastronomia Jochen Greiner na wenzake wakaielekezea nyota hiyo VLT, darubini ya kioo cha mita 8.2, huko Paranal, Chile. Kazi yenyewe ni ngumu, maana katika infraredi hata anga la usiku linang'aa. Basi darubini husogezwa pembeni kidogo, anga tupu linapigwa picha, kisha picha hiyo inatolewa kwenye ile yenye nyota. Kinachobaki ndicho kinachochambuliwa rangi kwa rangi.

Kwenye mikroni 2.29 wakakuta mwanga umeshuka ghafla, kama ngazi. Hiyo ni kaboni monoksaidi, alama ya nyota kubwa iliyopoa. Gesi ya moto inayolizunguka shimo haiwezi kuwa nayo. Na ngazi ile ilikuwa inahama! Nanomita moja hivi upande huu, moja upande ule, kisha pale pale baada ya siku 33.5. Kwa hesabu ya Doppler, inayogeuza kuhama kwa rangi kuwa mwendo wa nyota kuja na kwenda, ni mwendo wa kilomita 140 kwa sekunde.

Ulalo wa mzunguko, yaani umeinama kiasi gani tukiutazama, ulishakisiwa kutokana na ndimi za gesi zinazofyatuka kutoka kwenye shimo, ambazo wanaastronomia Mirabel na Rodríguez walizifuatilia kwa redio mwaka 1994. Kanuni ya Kepler ya mizunguko ikamaliza kazi: mwaka 2001 Greiner na wenzake wakatangaza uzito wa Jua mara 14, zaidi au pungufu 4. Msicheke, kabla ya hapo hatukuwa hata na hiyo. Umbali, ambao makisio ya ulalo yaliutegemea, ulipokuja kupimwa vizuri, mwaka 2014, ikashuka hadi 12 na kitu.

Maswali? Na rimoti yangu irudi mbele.