Chai ya karafuu kwa jino linalouma

Karibuni jikoni kwangu, hapa Ngamiani, Tanga. Wewe unayetazama huku umeshika shavu, pole sana.

Tuanze na karafuu. Tazama hii: ina kichwa chake, na nikiibana kikonyo kwa ukucha inatoa mafuta. Unaona ukucha unavyong'aa? Hayo mafuta ndiyo dawa. Yana yujenoli (eugenol), kitu kinachotia ganzi, na madaktari wa meno huitumia kwenye baadhi ya dawa za kuziba jino kwa muda. Ukibana karafuu isitoe kitu, hiyo iache.

Chukua punje tano, ziponde tu, usizisage zikawa unga. Chemsha kikombe kimoja cha maji, tia karafuu na nusu kijiko cha majani ya chai, haya haya yetu ya Usambara. Epua, funika, acha dakika kumi. Ule ukakasi wa chai ya rangi ni tanini, nayo hukaza ufizi kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri: sukari usitie, na usiinywe ya moto! Mimi usiku mmoja niliinywa inafuka moshi, na sukari vijiko viwili. Jino likapwita mpaka sikioni, nikakesha hadi adhana ya alfajiri. Jino lililotoboka hushtuka kwa moto, na sukari ni chakula cha vijidudu vinavyolitoboa.

Ichuje, ipoe iwe vuguvugu. Piga funda, lipeleke upande wa jino, lishikilie huku unahesabu hadi 30, kisha umeze. Endelea hivyo mpaka kikombe kiishe. Ukilala, ongeza mto. Kichwa kikiwa chini jino hupwita zaidi.

Mtoto mpe maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, asukutue na kutema. Mafuta ya karafuu ya chupa usimtie kabisa. Na aspirini usiiweke kwenye ufizi, inauunguza.

Chai hii inatuliza tu, tundu haizibi. Kukikucha nenda kwa daktari wa meno, hata kama maumivu yameisha. Pengine ni mshipa wa fahamu ndani ya jino umekufa, na usaha unajikusanya kimya kimya. Shavu likivimba, homa ikapanda, mdomo ukagoma kufunguka au kumeza kukawa shida, usichemshe chai tena. Nenda Bombo, hospitali yetu ya mkoa hapa Tanga, usiku huo huo.