Hiyo barua ya kuacha kazi usiisaini kwanza

Haya jamani, waliosimama mlangoni huku mbele bado kuna viti. Nimeombwa niongelee haki za mfanyakazi ila sitawasomea sheria nzima. Sheria yetu Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ipo, likizo siku 28, kazi masaa 45 kwa wiki, ovataimu mara moja na nusu, hayo wengi mnayajua na bado mnaumizwa. Mimi leo nataka niongelee ile siku ya kuondolewa kazini tu, maana kwa ninavyoona watu wengi haki zao zinapotelea mule ofisini kwa HR, yani afisa rasilimali watu, ndani ya nusu saa.

Inakuwaga hivi. Unaitwa saa kumi jioni, tena Ijumaa. Unamkuta HR, meneja wako, na mlinzi kakaa kwenye kona ambaye hata hujui anafanya nini pale. Mezani kuna karatasi ishachapwa, "Mimi fulani nimeamua kwa hiari yangu mwenyewe kuacha kazi kwa sababu za kifamilia", jina lako lipo, cheo kipo, imebaki sahihi tu, na peni wamekuwekea juu yake. Wengine hadi tarehe wanairudisha nyuma. Alafu unaambiwa kwa upole kabisa, kaka sisi tunakusitiri tu, ukisaini leo unapata haki zako zote, usiposaini tunakufukuza uharibikiwe. Yani mtu analazimishwa na anatakiwa ashukuru!

Sasa hapo kuna uongo mkubwa. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, pesa ya likizo ambayo hukwenda, cheti cha utumishi, hivyo ni vyako ufukuzwe au uache, hakuna anayekupa zawadi. Vinavyopotea ukisaini ni vingine. Kiinua mgongo, ile mishahara ya siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha mpaka miaka 10, anapewa aliyeachishwa na muajiri. Fao la kukosa ajira la NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nalo aliyeacha kwa hiari halimhusu. Na kubwa zaidi kesi yenyewe inageuka, maana kwa kawaida kifungu cha 39 cha ile Sheria ya Ajira kinamtaka muajiri ndo athibitishe alikuachisha kwa haki, kwamba sababu ilikuwepo na utaratibu aliufuata. Ukishasaini unaanza wewe kuthibitisha kwamba ulilazimishwa, na shahidi wako nani, yule mlinzi?

Na huo utaratibu wala sio mgumu. Kama una kosa wakupe tuhuma kwa maandishi, upate muda wa kujiandaa usiopungua masaa 48, uingie kwenye kikao na mwenzako wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi, ujitetee. Kama biashara imeyumba wanapunguza watu, kifungu cha 38 kinataka watoe taarifa mapema, waseme sababu, wajadiliane na nyie nani anaondoka na kwa kigezo gani. Ndo maana mimi nikiona barua ya kuacha kazi imechapwa na muajiri huwa nashuku tu kwamba sababu hana.

Kwahiyo omba nakala uondoke nayo. Wakikomaa usaini kwamba umeipokea, andika kwa mkono wako "nimepokea, sikubaliani", weka tarehe ya leo, piga picha. Na usipige meza wala kutukana mtu, hilo ndo kosa wanalolisubiri.

Alafu siku, hapa ndo panaponiuma. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. (Watumishi wa umma njia yenu ni nyingine, tuonane baadae.) Siku 30 zinaanza pale ulipoachishwa, sio pale hasira zilipoisha. Mtu anasubiri, bosi kasema atanipigia, HR kasema mkurugenzi yuko safari avumilie kidogo, mwezi huo umekatika. Kuomba kuongezewa muda inaruhusiwa ila uwe na sababu nzito, na "nilikuwa bado naongea nao" mara nyingi haipiti. Jaza fomu ya CMA F1, mpe muajiri nakala, asaini kwamba kapokea, alafu uipeleke CMA, mazungumzo na bosi yaendelee hukohuko.

Naam, dada wa nyuma? Anasema kwao kila ukifika mwezi wa tano mkataba unavunjwa unaandikiwa mpya, ili usifike miezi sita. Wajanja hao, wanajua aliye chini ya miezi 6 hana ile kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Ila kifungu cha 35 hawajakisoma mpaka mwisho dada, kinasema miezi 6 na muajiri huyohuyo, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Kama hukukaa nyumbani katikati, miezi yako inajumlishwa. Hiyo mikataba yote unayo? Basi usiondoke, niione kwanza.