Punguza Sauti ya Redio Yako

ANKO: Tuko hewani?

SISTA: Hakuna hewani hapa. Tunarekodi. Taa nyekundu hiyo.

ANKO: Basi karibuni. Unajua miaka kumi na moja nimekaa kwenye kiti cha redio ambacho ukikohoa, nusu ya mkoa wa Kagera inakupa pole. Hii ya kukohoa halafu mtu anakuja kukikata kikohozi baadaye bado sijaizoea.

SISTA: Mimi nimezoea. Mimi nilikuwa nakuja Jumatano tu, saa tatu hadi saa nne asubuhi, najibu maswali ya afya, narudi zamu wodini. Kwa wageni: mimi ni nesi, huyu alikuwa mtangazaji. Leo tunazungumzia simu za wasikilizaji, maana kuna kijana ametuuliza swali zuri.

ANKO: Kauliza kwa nini kila mtangazaji, kabla hata hajakuitikia salamu, anakwambia "punguza sauti ya redio yako". Jibu ni hili. Unapiga ukiwa umekaa mbele ya redio. Sauti yako inatoka kwenye redio, inaingia tena kwenye simu yako, inarudi studio, inatoka tena redioni. Inazunguka hivyo mpaka inakuwa filimbi. Fundi mitambo wangu alikuwa anavua visikizi kabisa na kuviweka mezani.

SISTA: Na mpigaji mwenyewe anajisikiliza. Kila sentensi anangoja imrudie, aone kama ilipendeza.

ANKO: Halafu anasalimia ukoo. "Nawasalimu wote wa Muleba, wote wa Katoro, shemeji yangu aliyeko Mwanza..." Salio linakata kabla ya swali.

SISTA: Lakini ninachokumbuka zaidi ni "jirani". Simu za afya zote ni za jirani. "Sista, nina jirani yangu, mwanamume, ana miaka hamsini na mbili, usiku anaamka kukojoa mara tano." Namuuliza, jirani ameanza lini? Anasema, "Tangu Pasaka, lakini juzi imenizidi."

ANKO: Imenizidi!

SISTA: Na mimi simuumbui. Namwambia mfikishie jirani salamu, mwambie aende akapimwe sukari na tezi dume, asisubiri. Yule mtu hawezi kunifuata dirishani zahanati, foleni yote inamtazama, nesi ni binti wa rika la mwanawe. Redioni hana sura.

ANKO: Sasa, twende Januari 2025.

SISTA: Tulijua tutafika huko.

ANKO: Jumanne tarehe 14, Shirika la Afya Duniani linatoa taarifa: Kagera, wilaya za Biharamulo na Muleba, watu 9 wanahisiwa kuwa na Marburg, ugonjwa wa virusi ulio ndugu wa Ebola, na 8 kati yao wamefariki. Inasambaa usiku kucha kwenye simu. Na kumbuka hatukuwa wageni wa neno hilo. Machi 2023 Bukoba Vijijini ilianza hivyo hivyo, "ugonjwa usiojulikana", hadi tarehe 21 waziri wa afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alipotangaza. Ile iliua watu 6. Halafu Septemba 2024 Rwanda nao wakapata, hapo jirani tu.

SISTA: Jirani wa kweli, huyo.

ANKO: Kesho yake Jumatano, ndiyo zamu yetu. Na siku hiyo hiyo ya tarehe 15, waziri wa afya wa wakati huo, Jenista Mhagama, akatoa taarifa kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Halafu Jumatatu tarehe 20, Rais Samia, akiwa Dodoma na Dokta Tedros, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, pembeni yake, akathibitisha mgonjwa mmoja, Biharamulo. Hapo katikati kuna siku tano. Na hizo siku tano simu haikupoa.

SISTA: Meneja alitupa maelekezo kabla ya kipindi.

ANKO: Maelekezo yalikuwa mafupi. Neno lenyewe lisitajwe. Mimi simlaumu sana. Wakubwa hawajatamka, redio ndogo itamke ina nini? Na watu wa utangazaji wote walikuwa wanakumbuka kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, zilizokataza kutoa habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka husika. Zilikuwa za mtandaoni, ndiyo, lakini ubaridi wake ulifika hata kwetu wa masafa.

SISTA: Mimi nilikasirika. Sasa hivi naona nilikosea kukasirikia lile neno. Maana tulipofungua simu, hakuna aliyetaka jina. Wewe ulikuwa umejiandaa kukwepa swali la "je, ni Marburg?" Alipiga nani wa kwanza?

ANKO: Mama wa mapera.

SISTA: Mama wa mapera. "Sista, watoto wangu wanaokota mapera yenye meno ya popo, wanamenya pale palipoumwa wanakula kwingine. Niwaache?" Hilo swali halina siasa hata punje. Popo wanaokula matunda ndio wanaojulikana kuhifadhi virusi hivyo. Nikamwambia atupe tunda zima, yaliyo mazima ayaoshe, na watoto wasiingie kwenye mapango na magofu wanakolala popo. Sikutaja ugonjwa wowote. Ni ushauri ambao ningempa hata mwaka ambao hakuna mlipuko.

ANKO: Akafuata kijana anauliza kama senene wanaleta.

SISTA: Huyo alikuwa anamwogopea mkewe asimalizie kopo peke yake. Senene hawahusiki, nilimjibu hivyo hivyo.

ANKO: Halafu mzee.

SISTA: Simulia wewe. Mimi nilikuwa namtazama meneja nyuma ya kioo cha studio.

ANKO: Simu inaingia, filimbi. Nasema mzee shikamoo, punguza sauti ya redio yako. "Marahaba." Filimbi. Nasema tena, mzee, redio. Anasema, "Siyo yangu, mwanangu, ni ya hapa msibani. Nikipunguza hawatasikia."

SISTA: Fundi mitambo akaanza kuvua visikizi, ukamzuia mkono.

ANKO: Ikabidi tuongee na filimbi. Mzee anasema hana swali, anataka kujua moja tu: kuna maiti ndani, mtu aliumwa homa siku chache, akatapika damu. Na yeye ndiye mwosha maiti wa ukoo, kazi ameirithi kwa baba yake. "Sista, nioshe au nisioshe?"

SISTA: Meneja kwenye kioo anapunga mikono yote miwili. Anafikiri nitalitaja.

ANKO: Ukalijibu bila kulitaja.

SISTA: Kwa sababu maiti aliyekufa kwa kutoka damu haioshwi kwa mikono mitupu, ugonjwa uwe na jina au usiwe nalo. Nilimwambia: mzee, usioshe. Msimguse, msiguse shuka wala matapishi. Fungeni chumba. Piga 199, haina gharama, au mtume kijana kwa mhudumu wa afya wa kijiji, waje wenye mavazi na dawa. Waliomuuguza wakae wakijiangalia siku 21, akishikwa na homa mtu asijifiche. Na nikamwambia jambo ambalo halimo kwenye kipeperushi chochote: kutoosha siyo kumtupa marehemu. Simama mlangoni, msomee dua zako au sala zako, wewe ndiye mwenye ile kazi bado.

ANKO: Kimya. Filimbi tu. Halafu nikasikia, kwa mbali, mwanamke anasema, "Basi, msikieni Sista."

SISTA: Alikufa na nini yule marehemu, hatukuambiwa. Ila kesho yake mhudumu wa afya alinipigia kusema wamefika.

ANKO: Ndiyo maana siwaelewi wanaosema simu za wasikilizaji zinaeneza uvumi. Zinaeneza, sikatai. Lakini uvumi ulikuwa tayari msibani. Redio ndiyo pekee ilikuwa na namba ya kupigiwa.

SISTA: Ngoja, usijisifu mapema. Saa nne kamili tulipotoka aliingia nani?

ANKO: Aah.

SISTA: Sema.

ANKO: Kipindi cha kulipiwa. Bwana mwenye dawa ya kusafisha damu.

SISTA: Inayotibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na mikosi, chupa moja. Na siku ile akaongeza "na homa hizi mpya zinazozungumzwa". Kiti hicho hicho, bado kina joto langu! Na yeye naye alipokea simu, ila simu zake zote zilikuwa za shukrani.

ANKO: Kituo kinaishi kwa hela ile, Sista. Umeme, mafuta ya jenereta, mshahara wa fundi mitambo. Saa yako ilikuwa ya bure.

SISTA: Najua. Ndiyo maana inaniuma. Na siwachukii waganga, tuna sheria ya tiba asili tangu 2002 na baraza la kuwasajili. Ila sheria haipokei simu. Mtu wa Samunge 2011, Babu wa Loliondo, kikombe cha dawa yake shilingi 500, magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita. Kuna wagonjwa walioacha ARV, dawa za UKIMWI, wakaenda. Nani alikuwa anawatangazia kila asubuhi? Sisi wa vyombo vya habari. Nasema "sisi", usinikodolee.

ANKO: Sikukodolei. Mama yangu alikunywa. Alirudi na presha yake kamili.

SISTA: Sasa, Jumatano iliyofuata, tarehe 22. Rais keshatangaza, neno limeruhusiwa. Ulifikiri simu zitakuwaje?

ANKO: Nilifikiri tutatukanwa. "Mlitudanganya." Alipiga mmoja tu wa hivyo, na haki yake alikuwa nayo, tukamwacha amalize. Wengine wote walikuwa wanataka mambo ya kawaida kabisa. Bodaboda anauliza kama jasho la abiria linaambukiza. Mwalimu anauliza watoto wasalimianeje. Na Sista akarudia yale yale ya wiki iliyopita, sasa yana jina.

SISTA: Virusi haviruki hewani kama mafua, ni damu, matapishi, majimaji ya mwili wa mtu anayeumwa au aliyekufa. Bodaboda alifurahi sana. Nilimwambia afurahi kiasi, maana kama abiria anaumwa, jasho lake nalo ni majimaji ya mwili, na akitapika hiyo ni habari nyingine, na chanjo iliyoidhinishwa hatuna.

ANKO: Tarehe 13 Machi wakatangaza mlipuko umekwisha, baada ya zile siku 42 bila mgonjwa mpya.

SISTA: Ishirini na moja mara mbili. Watu 10 walikuwa wamekufa, wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kwa dalili na mazingira.

ANKO: Na Jumatano yake, simu ya kwanza?

SISTA: Mama wa mapera!

ANKO: "Sista, nimesikia umekwisha. Sasa watoto niwaruhusu?" Nesi wangu huyu hata hakuvuta pumzi. Akamwambia, "Mama, ugonjwa umetangazwa umekwisha. Popo hawakutangaziwa."

SISTA: Akaniuliza, "Hata nikikata pale penye meno?"

ANKO: Ukamjibu?

SISTA: Tupa lote, mama. Na punguza sauti ya redio yako.